Mikono Miwili ya Kushoto

Mume wa mwalimu alikuwa mtu mvumilivu, lakini safari hii shuka lilimshinda. Aliamka asubuhi akakuta upindo wa upande wa mkewe umefumuliwa wote, nyuzi zimelala juu ya mto kama ndevu za mahindi, na mwenyewe mkewe bado yuko usingizini, vidole vimebana kipande cha mshono kilichosalia.

"Mke wangu," alimwambia wakati wa chai, "kazi ya chuo uliileta nyumbani, nikanyamaza. Ukaileta mezani, nikanyamaza. Sasa imepanda kitandani. Mimi nitalala wapi?"

Mwalimu alicheka, ila kilikuwa kicheko cha kuomba radhi. Alijua vizuri alichokuwa akifumua usingizini. Ni kola. Alifundisha ushonaji katika chuo cha ufundi, na darasa lake lilikuwa limekwama kwenye kola tangu muhula uanze. Kwake yeye, mtu asiyejua kushona kola hana ruhusa ya kugusa kitu kingine. Ukimpelekea kola aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akatamka neno moja: fumua. Hakufoka wala hakutukana. Ulirudi kwenye cherehani ukafumua, ukashona upya, ukampelekea, akakwambia fumua. Wanafunzi wakamwita Mwalimu Fumua. Jina lenyewe alilijua, na moyoni alilipenda kidogo. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo alivyokunjwa yeye mwenyewe na fundi wake, na hakuona kilichoharibika.

Taabu ni kwamba samaki walikuwa wanaondoka. Aliacha mmoja, akafuata mwingine, mpaka cherehani za safu ya nyuma zikawa zimefunikwa vitambaa kama samani za nyumba iliyohamwa. Wa kwanza kuacha alikuwa msichana waliyemwita Kimya, ambaye hata jina lake likiitwa asubuhi aliitikia kwa kuinua kidole. Mkuu wa chuo akamwita mwalimu ofisini. Mkaguzi atakuja mwisho wa muhula, akamwambia, na asipokuta watu wanashona, darasa la ushonaji litafungwa na chumba watapewa watu wa kompyuta. Aliyasema hayo kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha mwalimu. Chumba kile, na harufu yake ya pasi ya moto na mafuta ya cherehani, kilikuwa nusu ya maisha yake. Siku hizi kila Jumapili jioni kifua kilimbana kama amevaa blauzi ya mtoto.

"Vijana wa siku hizi ni wavivu, Mkuu," alisema. "Vitambaa nawapa, vinaisha. Kola sizioni."

"Zungumza na mshauri nasaha mpya. Ameanza kazi wiki hii. Kazi yake ndiyo hiyo, kuwasaidia wanafunzi wapate hamu ya kusoma, na sisi wafanyakazi tusipasuke vichwa."

Mwalimu alifumba macho. Mshauri nasaha mpya alikuwa wifi yake, mdogo wake mumewe.

Mawifi hao wawili walikuwa wametaniana tangu siku ya harusi, na hakuna aliyekubali kushindwa. Wifi alikuwa amesoma saikolojia mpaka vyeti vikamjaa ukutani, naye mwalimu akambandika jina la Daktari wa Vichwa Visivyouma. Kwa hiyo Wifi alipotokea mlangoni mwa darasa kesho yake, na kiti chake kidogo mkononi, mwalimu alijua kazi ipo.

"Umekuja kutuchunguza?"

"Nimekuja kujifunza kushona, wifi yangu. Nimechoka kuvaa vya kununua. Mimi ni mwanafunzi kama hawa. Nikae wapi?"

"Kaa kwa Kimya. Mwenyewe hayupo."

Akakaa, akapewa kitambaa, akaanza. Upande wake wa kulia alikuwa Mama Pacha, mwanamke wa makamo aliyeamua kusoma baada ya pacha zake kuanza shule. Kushoto alikuwa Mrefu, kijana ambaye magoti yake yaligonga meza ya cherehani kila alipokanyaga. Wote wawili walimwelekeza kwa minong'ono. Kola ya Wifi ilitoka kama sikio la mbwa aliyepigana. Akaipeleka.

"Fumua," mwalimu akasema, na safari hii alisema kwa raha.

Wifi akafumua. Akashona. Akaambiwa fumua. Alipokuja kuharibu mara nyingine tena, alijishangaa: mkono wake ulikuwa umeshaikunja ile kola na unatafuta mahali pa kuificha, kabla kichwa hakijaamua lolote. Ukaenda kwenye droo ya cherehani. Droo ikagoma. Akaivuta kwa nguvu, ikafyatuka, na kola zikamwagika sakafuni.

Zilikuwa kola nyingi. Za bluu, nyeupe, za mistari, zimekunjwa ndogondogo na kushindiliwa. Mrefu alitazama dari. Mama Pacha alishika mshikio wa droo yake mwenyewe kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo. Mwalimu alimwona. Akamwendea, akautoa mkono wake taratibu, akafungua. Kola. Akafungua ya Mrefu. Kola. Kila droo aliyoifungua ilikuwa imejaa kola.

"Wifi," yule wifi akasema kwa sauti ndogo, "hili si darasa, ni makaburi ya kola."

Mtu mmoja alipaliwa na kicheko, akakimeza. Mwalimu hakucheka. Alikuwa amechutama, anaokota zile za Kimya moja baada ya nyingine, na vidole vyake vya ufundi vilikuwa vinazisoma bila yeye kutaka. Hii imevutwa. Hii uzi umelegea. Hii ncha hazilingani, lakini ni bora kuliko ile. Halafu akafika kwenye ile iliyokuwa chini kabisa, nyuma ya droo, iliyosukumwa mbali kuliko zote. Akaigeuza. Akainuka, akaipeleka dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Ncha zililingana. Mshono ulinyooka. Haikuwa na dosari yoyote. Msichana yule alikuwa ameshona kola iliyokamilika, akaiogopa, akaizika, akaenda zake nyumbani.

Mwalimu aliikunja akaitia mfukoni. Akawaambia wanafunzi waende mapumziko mapema.

Walipobaki wawili, Wifi alimmiminia chai kutoka kwenye chupa yake. "Wanao si wavivu," alisema. "Wameshona kuliko kiwanda. Mtu akiogopa kukosea, akili yote inaenda kwenye kujificha. Haibaki ya kujifunzia."

"Mimi sijawahi kumpiga mtu."

"Najua. Ungewapiga wangekuchukia, wakapona. Wewe wanakuheshimu, ndiyo maana wanaumwa. Na wewe mwenyewe unalala?"

"Kaka yako amekusimulia habari za shuka."

"Amenisimulia mpaka rangi ya uzi. Wifi, huu ni ugonjwa mmoja. Wao wanaficha makosa kwenye droo, wewe unayabeba mpaka kitandani."

Mwalimu akauliza afanye nini. Wifi akasema mambo mawili. La kwanza, kila mwanafunzi achague nguo anayoitaka, na kola ije pale nguo inapoihitaji. La pili, ifungwe kamba darasani, kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa saa, na kila aliyeharibu kitu akianike hapo kwa kibanio, aseme kimeharibikaje.

"Nianike uchafu mbele ya watu?"

"Uanike wewe kwanza. Usipoanza wewe, hiyo itakuwa kamba ya kuwanyongea."

"Lakini mimi kosa sina," mwalimu alisema, na alisema kweli kama alivyoijua.

Kamba ikafungwa. Wanafunzi wakachagua nguo zao: Mrefu suruali, maana hakuwahi kuvaa iliyomfika miguuni, na Mama Pacha magauni mawili yanayofanana. Darasa lilichangamka kidogo. Ila kamba ilikaa tupu, vibanio vimejipanga kama ndege wasio na habari ya kupasha, na droo zikaanza kujaa tena. Wifi alipopita alitazama kamba, akamtazama mwalimu, akaenda zake.

Siku moja akaja na kitambaa. Kilikuwa cha maua makubwa ya manjano, kila ua kubwa kama sahani, na alikuwa amekitunza sandukuni kwa muda mrefu akingoja fundi wa kumwamini. "Nishonee gauni refu la kufagia sakafu," alisema. "Na kila mkono uwe na ua moja, katikati kabisa. Nitalivaa siku ya mkaguzi. Ukiliharibu, nitakusema mpaka kwa wajukuu."

"Mimi niharibu kitambaa? Nenda kaponye vichwa."

Mwalimu akaamua kulikata darasani ili wanafunzi waone. Akatandika kitambaa juu ya meza kubwa, wote wakamzunguka. Sheria yake ilijulikana, aliirudia mpaka wanafunzi waliweza kuiimba: kunja kitambaa uso kwa uso ndipo ukate mikono, upate wa kushoto na wa kulia kwa mpigo mmoja. Lakini leo kulikuwa na yale maua. Kila mkono ulitaka ua lake katikati, na kwenye mkunjo maua hayakukutana. Basi akakitandaza wazi. Akaweka karatasi ya kipimo juu ya ua la kwanza, akachora kwa chaki, akakata. Akaihamishia juu ya ua la pili, akachora, akakata. Mkasi wake ulikwenda bila kusita, na Mrefu akaguna kwa kustaajabu.

Mwalimu akainua mikono miwili ile awaonyeshe. Akailinganisha. Akageuza mmoja, akageuza mwingine. Alikuwa amesahau kuipindua karatasi. Yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Wanafunzi walikuwa wameona, maana yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuona. Akaweka mikono ile mezani, akaikunja mara moja, akaikunja tena ikawa midogo, na ndipo akaona mkono wake wa kulia unakwenda kwenye droo ya meza. Akausimamisha pale pale, juu ya mshikio. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Mfukoni mwake bado ilikuwemo kola ya Kimya.

Kisha akaenda kwenye kamba, akachukua vibanio, akaanika.

"Hii ni mikono miwili ya kushoto," alisema. "Nimeikata mimi. Sikukunja kitambaa, na nilivyoshindwa kukunja sikupindua karatasi. Nilikuwa nashughulika kuwaonyesha ufundi wangu. Na kitambaa ni cha wifi yangu."

Hilo la mwisho ndilo lililowavunja. Mrefu alianza, akajaribu kuziba mdomo, magoti yakagonga meza, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alishangaa kuona na yeye anacheka, tena cheko la kutoka tumboni, mpaka akashika ukuta. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka ndani ya chumba kile.

"Sasa tutafanyaje?" alijiuliza kwa sauti, akipangusa macho. Hakuwahi kuwauliza wanafunzi swali ambalo jibu lake hakulijua.

"Mimi naona hapajaharibika kitu," akasema Mama Pacha. Alikuwa anakipima kitambaa kilichobaki kwa viganja. "Mwalimu, mimi nilikwenda hospitali na nguo za mtoto mmoja, nikapata wawili. Sikurudisha. Si tukate mingine miwili ya kulia? Gauni lilikuwa refu la kufagia sakafu. Sakafu tufagie kwa ufagio. Hapa zinatoka blauzi mbili."

Wakapima, na kweli zilitoka. Wakati wanapima, Mrefu aliondoka polepole, akafungua droo yake, akaanika suruali yenye mguu mmoja mfupi. Akasema imekuwaje. Mwingine akafuata. Vibanio vikaisha, ikabidi watumie pini.

Wifi aliingia wakati huo. Akaona kamba imejaa, uso ukamng'aa. Halafu akaona maua ya manjano.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Aliitazama mikono ile. Yote aliyoyasoma kuhusu kukosea yalimpita machoni na hakuna hata moja lililosimama kumsaidia. "Hicho kitambaa," alisema hatimaye, "nilikuwa nakipenda sana."

"Kosa ni sehemu ya kujifunza, wifi," mwalimu alimjibu kwa sauti ya upole, ileile ya mshauri nasaha.

Wifi akavuta hewa, akaitoa, akavuta tena. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Mganga hajigangi," alisema alipoweza kusema. "Nipeni dakika nijitibu."

Jioni ile mwalimu hakubeba kazi yoyote nyumbani. Alipitia kwao Kimya, na msichana alipomwona mlangoni alirudi nyuma hatua moja. Mwalimu akatoa ile kola mfukoni.

"Nimeiona," alimwambia. "Nimechelewa kuiona. Ni nzuri kuliko ya kwangu ya kwanza, na hii sikwambii ili nikufurahishe. Tazama ncha hizi, ulikata pembe ndani kabla ya kugeuza, na mimi sijakufundisha hilo. Ulijuaje?"

Kimya aliitazama kola, akamtazama mwalimu. "Nilijaribu tu," alisema.

"Njoo ukatufundishe. Mimi leo nimekata mikono miwili ya kushoto." Na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, aliyaona meno ya mtoto yule.

Kesho yake Kimya alikuja. Wengine wakasikia, wakaja mmojammoja, kwanza kuchungulia ile kamba, kisha kufunua cherehani zao. Darasa likawa na kelele za kutosha kumleta jirani kulalamika. Mwalimu bado alisema fumua, maana kola iliyopinda ni kola iliyopinda, lakini sasa alisema pia nini kimekaa sawa, na alimwuliza mtu anaonaje kabla ya kumwambia anavyoona yeye. Saa ya kutoka ilipofika, alitoka.

Siku ya mkaguzi, Mkuu wa chuo alifika mapema akiwa amevaa tai. Akaona kamba. Rangi ikamtoka.

"Mwalimu, toa vitu hivi. Mgeni yuko getini. Tunafungiwa darasa, na wewe umeanika matambara?"

Mwalimu alihisi kile kifua cha Jumapili kikija. Akageuka akawatazama wanafunzi wake, wote wamemkodolea macho, na Kimya ameshika kingo za meza. Kama angeishusha kamba sasa, wangejua kwamba ulikuwa mchezo tu, na droo zingejaa kabla ya jua kuzama.

"Samahani, Mkuu," alisema. "Kamba inabaki. Wakifunga, wafunge darasa lenyewe, si lingine tulilolipamba."

Mkaguzi alikuwa mama mnene, mtaratibu, miwani imening'inia kifuani. Alitazama nguo zilizokamilika mezani, akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Halafu akasimama mbele ya kamba. Alisimama kwa muda mrefu. Mkuu alilegeza tai.

"Haya ni nini?"

Mwalimu akafungua mdomo, lakini hakuwahi.

"Kosa lile la pili ni langu," akasema Kimya. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini chumba kizima kiliisikia. "Nilishona zipu kabla ya kupiga pasi mshono, kitambaa kikavutika. Hapa, unaona kinavyotoa mawimbi. Nilidhani uzi umekaza, nikabadilisha uzi, haikusaidia. Halafu nikagundua kilichokosekana ni joto la pasi. Sasa napiga pasi kwanza. Gauni lile la kijani pale mezani ni langu pia, uishike zipu yake." Akanyamaza, akashangaa mwenyewe alivyosema, kisha akaongeza, "Na lile la tatu ni langu vilevile."

Hapo wote wakaanza. Mrefu alieleza suruali yake huku amevaa nyingine iliyomfika sawasawa miguuni. Waligombania zamu. Mkaguzi alivaa miwani, akaenda kibanio kwa kibanio, anauliza, anajibiwa, anauliza la ndani zaidi, anajibiwa. Mwalimu alisimama ukutani, machozi yanamtoka na hakuyaficha.

"Hili darasa la kufunga?" mkaguzi alimgeukia Mkuu. "Nani aliwaambia mlifunge? Watu hawa wanajua wanachokijua, na wanajua walivyokijua. Mimi nitaandika liongezewe cherehani." Akavua miwani. "Ila sijaona la mwalimu. Hapa pana makosa ya kila mtu. La mwalimu liko wapi?"

"La mwalimu amelivaa," akasema Mama Pacha.

Mkaguzi akamtazama mwalimu aliyevaa blauzi ya maua ya manjano, kila mkono na ua lake katikati.

"Nusu yake," Mama Pacha akaendelea. "Nusu nyingine kaivaa wifi yake, yule pale mlangoni."

Wifi akapunga mkono wa kushoto. Mkaguzi alicheka mpaka kalamu ikamdondoka, na Mkuu, alipoona mkaguzi anacheka, akaona na yeye ameruhusiwa.

Jioni ile mwalimu alichukua lile shuka, akakaa karibu na mumewe, akaupinda upya upindo kwa sindano ya mkono, huku akimsimulia mambo yote tangu mwanzo. Alisimulia kwa mikono yote miwili, kwa hiyo mshono ulikwenda ulivyotaka. Alipomaliza akakata uzi, akatandika.

Mumewe alipitisha kidole kwenye upindo. "Hapa pamepinda," alisema. "Hufumui?"

Hakujibiwa. Mkewe alikuwa ameshalala, na mikono yake ilikuwa imetulia.